Walipokuwa Wakituuliza "Umekuwa wa Ngapi?"

Enzi zetu pale Mtoni, siku ya kufunga shule ilikuwa na swali moja tu, na kila mtu aliliuliza, mpaka muuza mihogo: "Umekuwa wa ngapi?" Hakuna aliyetaka kujua umeelewa nini. Mwalimu alisoma majina kwa sauti mstarini, kuanzia wa kwanza mpaka wa mkia, na sie wengine tulichomwa na jua tukisubiri kutajwa. Nyumbani, baba aliangalia nafasi tu, akaikunja ripoti. "Hawa waliokutangulia wana vichwa viwili?"

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Unajumlisha alama zote, unagawa kwa idadi ya masomo, basi. Uimbaji ulikuwa na thamani sawa na Hisabati, na wallahi uimbaji ndio uliokuwaga unanivusha.

Sasa juzi binti yangu Rehema kapata matokeo yake ya stashahada, kaja kakunja uso. Chuo anachotaka akasomee digrii kinataka GPA ya tatu nukta tano. Ana A mbili na C mbili. Nikavaa miwani, nikachukua kalamu. A ni pointi tano, C ni mbili. Jumla kumi na nne, gawa kwa nne, tatu nukta tano kamili. Papo hapo nikampigia dada yangu wa Ukonga kumpa habari njema, nikaagiza na soda.

"Mama, sio hivyo," Rehema akasema. "Kila somo lina krediti zake. Ya A yana sita sita, ya C yana kumi na mbili kumi na mbili. Unazidisha kwanza pointi kwa krediti, unajumlisha, ndo unagawa kwa krediti zote."

Mia na nane kwa thelathini na sita. Tatu kavu.

Watoto wa siku hizi bwana, hata kufeli kwao kunataka kikokotoo. Nilitaka kumtania hivyo, nikamwona kainamia simu, anarudia hesabu ileile. Roho iliniuma. Mie mwaka niliokuwa wa themanini na moja, rafiki yangu Mwanaidi alikuwa wa themanini na mbili. Tulilia wote kuanzia getini, na kufika kwao tulikuwa tumeshaanza kucheka. Rehema na tatu yake hana hata wa kulia naye njiani. Nikaweka kalamu chini, nikaenda kukaa naye.