Salamu ya Kutega

Fundi cherehani wa Mabira ndiye anayesimamia kundi letu la wakulima mtandaoni, na akaunti za roboti zinazojipenyeza humo yeye huzinasa kwa salamu: mtu huulizia kwanza watu wa nyumbani, roboti hukimbilia kujibu. Leo nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Miguu yake ilikuwa imeganda kwenye pedali, kidole gumba juu ya simu tayari kumwondoa kundini mgeni aliyerudia swali la mnyauko wa migomba mara sita, neno kwa neno. Akamwandikia, "Umeamkaje?" Tukangoja. Futikamba shingoni mwake ilipanda na kushuka.

"Sijalala," mgeni alijibu. "Shamba langu lote huku Rugu linakauka, hakuna anayenijibu. Na salamu zako admin ni za kutega tu. Wewe mwenyewe ni mtu?"

Kidole kikajikunja. Aliinua macho, akaniona bado nimesimama mlangoni.

"Marahaba," akasema.