Taa ya Jikoni Kwangu

Jirani yangu alipotoka hospitali baada ya kupasuliwa mgongo, mimi nilikuwa wa kwanza kumwandikia kwa grupu ya akina mama wa kanisa: "Dada, kila siku saa kumi na moja asubuhi nakuombea." Nikaweka na ile mikono ya maombi, mara tatu. Wengine wakajibu amina, amina. Mmoja akaandika eti mimi ni nguzo. Nilifurahi sana, nisidanganye.

Kila asubuhi nikawa naandika, "Nimekuombea, dada." Sikuwa nimeomba. Saa hiyo nilikuwa jikoni na daftari la ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, namalizia hesabu ambazo mwalimu wetu wa jioni angeuliza. Kuomba nilisema nitaomba nikichuma majani chai. Nikifika shambani, nimesahau.

Boma yake iko ng'ambo ya kamto, hapa kwetu karibu na Itumbe. Ukisimama kwangu unaona nguo zake zikianikwa. Na sikuwa nimeenda hata mara moja. Wiki ya tatu nikapika mboga ya chinsaga, nikaitia maziwa, nikavuka.

Nilimkuta kwa kitanda, karibu na dirisha. Akanishika mkono.

"Mama mapacha, wewe! Mimi huamka nikiona taa yako. Nasema, huyo ameshapiga magoti, sasa mimi nitalala aje? Hata nikiumwa naketi, tunaomba pamoja."

Nikatazama dirishani. Kweli, jikoni kwangu kulionekana, hata ule mlango wa bluu. Nilitaka kunyamaza. Na ni mimi husimama siku ya Sabato nikiambia vijana wasidanganye.

"Dada, ile taa ilikuwa ya hesabu."

"Hesabu gani?"

"Ya ngumbaru. Sijakuombea. Hata siku moja."

Aliuachilia mkono wangu. Kisha akacheka, akajishika mgongo.

"Yaani wiki tatu naamka, kumbe mwenzangu anagawanya!" Lakini macho yake hayakucheka. "Haya. Ukisoma, acha taa iwake tu. Ukiniombea kweli, zima, halafu uwashe. Nitaona."

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti, nikasema maneno, nikasimama. Mkono ulikuwa tayari kwa swichi. Nikajiuliza: nimeomba, ama nimemaliza tu ndio nionekane? Huko ng'ambo dirisha lake lilikuwa na mwanga. Alikuwa ameketi, ananingoja.

Nikarudisha mkono, nikapiga magoti tena.