Bakuli la Mtunza Stoo

Shangazi yangu alipikia wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi kwa miaka ishirini na sita. Watu wa siku hizi, kula kwao ni masharti matupu! Huyu ana sukari, yule ana presha, huyu kaacha wanga apunguze tumbo, yule hagusi chochote kilichotoka kwa mnyama. Shangazi hakuwa na neno. Alikuwa na sosi yake ya mtindi na matango, akaigeuzageuza mpaka ikamfaa kila mmoja.

Vibandiko hakuwa navyo. Ulitazama tango tu. Likikatwa duara, huo ni mtindi wa ng'ombe wa kawaida. Likikatwa mraba, hauna chumvi, wa watu wa presha. Likikwaruzwa, ni mtindi wa tui la nazi, usio na hata tone la maziwa. Aliyeacha wanga alikula wowote, bora asiletewe mkate. Tangu meneja hadi mfagiaji, wote tulijua.

Mtunza stoo alikula la kukwaruzwa. Yeye hakuwa na madaha. Maziwa yakigusa ulimi wake, koo lilijifunga. Mtu mpole, meza ya pembeni, akimaliza anakilaza kijiko kifudifudi.

Jumanne moja Shangazi alitengeneza sosi asubuhi huku jino likimuuma, kisha akaenda kuling'oa. Akaniachia mimi, muosha vyombo, nigawe. Mabakuli ya duara yakaisha na foleni bado ndefu. Kisu butu, watu wananipigia kelele. Nikakwaruza matango mawili haraka, nikayatumbukiza kwenye mtindi wa ng'ombe. Nilisahau, jamani! Mtunza stoo akaona alichozoea kuona, akala. Hakufika hospitali akiwa hai.

Shangazi aliporudi, shavu limevimba, alijihukumu palepale. Eti maumivu yalimchanganya, akakosea mtindi. "Bakuli ni langu, kosa ni langu," alimwambia meneja. Nami nilikuwa nimesimama hapo, mikono ina povu, nikanyamaza. Niliogopa. Basi, nimesema.

Tangu siku ile kila mchana aliweka bakuli moja kwenye ile meza ya pembeni, la kukwaruzwa, la nazi. Alisimama mbele yake akanong'ona, "Nisamehe, ndugu yangu." Nikajua ni huzuni, itapita. Lakini bakuli lilirudi tupu. Kijiko kifudifudi.

Nikasema ni paka. Nikafunga madirisha. Nikasema ni mfagiaji, mlafi yule; nikamkodolea macho mchana kutwa, hakusogea karibu. Siku moja niliamua kulitazama bakuli lenyewe bila kupepesa. Mtu akaangusha trei nyuma yangu, nikageuka, nikarudi. Lilikuwa limekombwa, na ukingo wake una unyevu. Nywele zilinisimama.

Shangazi naye akawa anaisha. Nguo zilimpwaya, chakula kikamshinda. Nilijua dawa yake ni maneno matatu kutoka kinywani mwangu, na kila siku nilisema kesho.

Juzi, watu walipokwisha kutoka, nilimkuta amekaa kwenye ile meza. Bakuli limejaa, halijaguswa.

"Leo hajala," akaniambia.

"Labda ameshiba, Shangazi." Nilijaribu kucheka.

"Nilimwomba msamaha kama kawaida. Leo akanijibu." Hakunitazama. "Akaniuliza, mbona kila siku unaniomba msamaha wa kosa la mtu mwingine?"

Nikashika ukingo wa meza. "Ni mimi, Shangazi. Ni mimi niliyekwaruza."

Sikusikia tusi wala kilio. Aliinuka taratibu, akanipapasa bega kwa mkono uliobaki mifupa, akanivutia kiti chake.

"Kaa, mwanangu. Usiniambie mimi."

Akatoka, akafunga mlango wa ukumbi. Nikakaa, nikainamisha uso, nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, ng'ambo ya meza, kiti kikavutwa.