Shamba la Pensheni

Katika kambi ya walinzi pale Muaither, Doha, Kiprop aliitwa Afande, na jina lilimkaa hasa. Alitandika kitanda kijeshi, akang'arisha viatu mpaka Wanepali wa chumba cha pili wakaja kutazama. Akiulizwa, alisema amestaafu jeshi la Kenya kwa heshima zote, na kwa pensheni yake amenunua ekari mbili kule Moiben.

Uongo mtupu. Bwana huyu alitoroka. Kibali cha kuacha jeshi kilichelewa, kazi ya Doha haikungoja, akaenda likizo asirudi, miezi minane tu kabla ya kutimiza muda wa pensheni. Zile ekari alizinunua kwa mshahara wa kusimama getini juani.

Lakini nyumbani baba yake alimtembeza kila mgeni shambani. "Babu wa wanangu alirudi kutoka vita vya Burma na koti tu," alisema mzee. "Ardhi wakapewa maofisa wa kizungu. Sasa askari wa nyumba hii naye amepata yake." Nani angekuwa na uso wa kumsahihisha?

Mwezi uliopita mdogo wake Cyrus, naye askari, alipiga simu. Alikuwa amepata viza ya Doha, ila kibali hakijatoka.

"Brathe, wewe ulitoka aje na bado wakakulipa?"

Wenzake Kiprop chumbani walikuwa wanasikiliza. Akakohoa kidogo. "Watakulipa tu. Usijali."

Tangu siku hiyo aliona haya hata kujitazama kwenye kioo akinyoa ndevu. Cyrus akitoroka, pensheni imekwenda, na akikanyaga Kenya atakamatwa. Kila jioni alishika simu, na kila jioni aibu ikamshinda akairudisha mfukoni.

Ijumaa, wote wakiwa wamezunguka sufuria ya ugali, Cyrus akapiga. Kiprop hakumpa nafasi ya kusema neno.

"Nisikize. Mimi nilitoroka jeshi. Sijawahi kupata pensheni, hata shilingi moja. Shamba ni jasho la huku. Nilikudanganya, nikamdanganya baba. Tafadhali usitoke kambini."

Ronny, aliyekuwa wa kwanza kumwita Afande, akainamia sahani yake. Kwenye simu ilisikika sauti ya mwanamke ikitangaza kwa Kiarabu.

"Niko eapoti ya Doha," Cyrus akasema polepole. "Baba mwenyewe ndiye alinisindikiza. Aliniambia nifanye tu vile wewe ulifanya."