Saa Tatu ya Nukta Mkato

Wenzake wa ofisi ya maji walimwita Nukta Mkato, na jina likamganda. Hakuwa na elimu ya kujisifia. Darasa la nne, basi. Aliajiriwa kufungua na kufunga vali za mitaa kwa spana, akaloa miaka kumi na mmoja. Halafu mtaalamu mmoja akamaliza mkataba wake, akaondoka, akaacha kompyuta na kitabu.

Kitabu kilikuwa cha lugha ya kompyuta iitwayo Pascal. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Nukta Mkato kilikuwa cha kuombea kiberiti. Aliyemsomea ni mkewe, mpiga chapa. Jioni baada ya jioni, mezani, neno kwa neno. Hili ni anza. Hili ni mwisho. Hili ni kama, na hili ni basi. Na kila agizo ulifunge kwa nukta mkato, la sivyo mashine inanuna.

Kwa lugha hiyo aliandika programu ya zamu za maji: mtaa gani ufunguliwe saa ngapi, ufungwe saa ngapi. Ilifanya kazi miaka ishirini na sita. Kila asubuhi ilitoa karatasi moja, wafungua vali wakaichukua, wakaenda zao. Hata alipostaafu, karatasi iliendelea kutoka.

Kustaafu kulimletea simu kubwa, na simu ikamletea kundi la waandishi wa programu, watu elfu sita. Humo vijana walisema Pascal imekufa zamani, bado kuzikwa tu. Nukta Mkato aliwajibu. Wakamjibu. Akawajibu tena. Ulimi wake ulikuwa mfupi nyumbani, lakini kwenye kioo kile ulirefuka. Walimpenda kwa jinsi alivyokuwa akiwachoma. Akiamka, kabla hajanawa uso, alikuwa ameshamtia mtu adabu.

Mkewe alimtazama akijibu watu mezani, kitandani, chooni. Siku moja alimuuliza kama hao watu wa kwenye simu ni yeye anayewalisha. Alicheka, akaendelea kuandika.

Mkewe alifariki Jumanne moja, baada ya kuugua wiki tatu. Alizikwa Jumatano.

Miezi miwili baadaye ofisi ya maji ikawasha vali za umeme, ikianzia mtaa wa juu. Hazingojei mtu na spana. Zinafuata saa ya kompyuta. Fundi wa kompyuta, binti wa miaka ishirini na saba, ndiye aliyepewa kazi ya kuzitoa zamu kwenye programu ya mzee na kuziandika upya kwa lugha mpya. Alikuwa ameianza kazi hiyo mapema, miezi kabla ya vali kuwashwa. Wiki ya kwanza mtaa wa juu ulikauka. Maji yalikuja watu wamelala, na kulipokucha bomba lilikuwa linapiga mluzi. Siku sita. Zahanati ya wazazi ilinunua maji kwa madebe.

Nukta Mkato alikaa mtaa huo huo wa juu. Alipiga picha bomba lake, akaibandika kundini na maneno haya: Lugha mpya imefika, maji yamekimbia. Watu mia nne walicheka. Mmoja akaleta picha ya yule binti, ameshika kompyuta yake, anatabasamu. Mzee hakuandika kitu chini ya ile picha. Aliweka alama ya kicheko tu.

Binti akasimamishwa kazi, akisubiri kikao.

Siku mbili kabla ya kikao, binti yake wa kwanza, fundi cherehani, alikuja kumwona. Alimkuta na simu, chai imepoa na imefanya ngozi. Alimwambia mama hayupo mwezi wa tatu huu, na yeye baba hajapata hata nafasi ya kulia. Hakusema kwa ukali. Mzee alikubali kutoka kundini. Moyoni aliona kwamba anaondoka kama bondia aliyeshinda, na alishapanga maneno ya kuagia.

Alitaka kwanza zihifadhiwe sauti ambazo mkewe alimtumia kwenye simu hiyo. Binti yake akavaa miwani, akaanza kuteremsha majina ya waliomwandikia, moja moja. Akasimama.

"Baba, huyu si yule wa maji?"

"Yupi?"

"Yule mliyemcheka."

Akamsomea. Yule fundi alikuwa ameandika hivi: Shikamoo baba. Pole sana kwa msiba. Samahani kukusumbua wakati huu. Kwenye programu yako saa ni moja hadi ishirini na nne. Hesabu inaanza alfajiri, au inaanza usiku wa manane? Sitaki kukosea.

Chini yake palikuwa na jibu. Pascal inajieleza yenyewe. Jifunze kusoma.

Nukta Mkato aliomba simu, akaitazama. Jibu lilikuwa lake, na nukta zake zote.

Hakuhitaji kufungua programu. Alijua. Alipoiandika alihesabu kama anavyohesabu kila mtu anayeamka: jua likishachomoza, saa moja. Tatu kwake ilikuwa saa tatu asubuhi, watoto wako shule, kina mama wanafua. Wafungua vali waliisoma hivyo hivyo, maana nao walikuwa watu. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane. Tatu kwake ni saa tisa ya usiku. Programu haikuwa na neno hata moja la kueleza hayo. Haikujieleza hata kidogo. Na aliyeliona shimo kabla ya mtu kutumbukia ni yule binti, akauliza kwa adabu, akaambiwa ajifunze kusoma. Na aliyemwambia ni mtu wa darasa la nne, aliyesomewa kitabu na mkewe.

Uso ulimwaka. Aliuficha kwa kujifanya anafuta kioo cha simu na shati.

"Ulikuwa msibani, baba," binti yake alisema. "Tarehe hii mama hajamaliza hata siku nne. Nani atakulaumu?"

Mzee alifungua kundi, akarudi nyuma hadi tarehe ile. Alihesabu. Jioni hiyo hiyo aliyojibu vile, alikuwa ameandika majibu arobaini na moja kwa watu asiowajua, na mengine yalikuwa ya utani. Alimwonyesha. Binti yake alisoma machache, akavua miwani, akaenda kuosha kikombe.

Kesho yake alikwenda ofisini. Alipita geti aliloingilia miaka mingi, mlinzi akamchangamkia, naye akashindwa kumtazama. Meneja alikuwa kijana wake wa zamani. Mzee ndiye aliyemfundisha kushika spana. Chumba kilikuwa kile kile, feni inazunguka kwa kulalamika, mafaili hadi dirishani. Mzee aliweka simu mezani, akaieleza habari yote kwa sentensi chache. Saa alihesabu yeye. Hakuandika popote. Binti aliuliza. Jibu ni hilo hapo.

Meneja alisoma, akakuna kichwa. Alipenda mambo yaishe vizuri. Alisema kila mtu anajua mzee alikuwa kwenye majonzi, akili haikuwa yake. Ataandika kwamba taarifa haikutolewa kwa sababu ya msiba. Binti atarudi kazini, na heshima ya mzee itabaki mahali pake. Akavuta karatasi, akaanza.

Na Nukta Mkato alinyamaza.

Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko alama ya kicheko. Alinyamaza meneja akaandika mstari wa kwanza. Alinyamaza kwenye wa pili. Aliona jina la mkewe linaandikwa pale, herufi kwa herufi, limewekwa mbele yake kama mwavuli, na akaona lile joto la usoni linapungua. Raha ilikuwa imeanza kumwingia. Kalamu ilikuwa mstari wa tatu alipopata sauti.

"Futa."

"Mzee?"

"Futa jina la mama watoto. Yeye hakuhusika."

"Nakusitiri, mzee wangu."

"Najua. Andika kiburi."

Meneja alimwambia neno hilo haliandikwi kwenye barua ya ofisi. Walivutana kidogo. Mwishowe aliandika kwamba mwandishi wa programu ya zamani aliulizwa, akakataa kueleza. Mzee akatia sahihi. Sahihi ilienda mlima.

Lakini kicheko hakikuwa cha ofisini. Siku hiyo hiyo alibandika kundini lile swali la binti na lile jibu lake, vyote viwili, na chini akaeleza saa ilivyokuwa. Hakuaga. Maneno ya bondia hayakuwa na pa kukaa.

Walimvua nguo. Kumbe babu ndiye hajui kusoma. Kumbe nukta mkato ndiyo iliyokata maji. Mmoja aliyekuwa akimsifu kila siku alisema Pascal na mzee wazikwe kaburi moja, waokoe nafasi. Lilimkuta mahali pabaya hilo, lakini hakujibu. Aliweza kusema kwamba lugha haikukosea, kwamba ile ile namba ingekosewa kwa lugha yoyote. Ilikuwa kweli. Alijua pia kwamba akiisema atakuwa ameanza tena. Alisoma yote siku mbili, mpaka wakachoka wakahamia kwa mtu mwingine. Hapo ndipo alipompa binti yake simu, akamwambia afute jina lake mle, lote. Sauti za mama zilikuwa zimeshahifadhiwa. Hajazisikiliza.

Wiki iliyofuata meneja alimwita. Binti amerudi kazini, na zimebaki zamu za mitaa mingine kumi na minne. Anahitaji mtu wa kumweleza.

Alimkuta chumba cha nyuma, kompyuta mbili mbele yake, karatasi za Pascal zimechapwa na kupigwa mistari ya kalamu nyekundu. Hakumwamkia. Alisema tu, "Kiti kile." Mzee aliketi. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, ameyafanyia mazoezi njiani mpaka watu wakamgeukia. Aliyasema. Binti alisikiliza akiangalia kioo, akasema amesikia. Akaulizia mstari wa hamsini na mbili.

Walifanya kazi hivyo asubuhi nzima. Anauliza, anajibiwa. Jibu likiwa fupi sana, anangoja, na mzee anaongeza. Hakuna aliyecheka. Kufikia adhuhuri walikuwa wamefika ukurasa wa mwisho. Binti akayapanga makaratasi, akayagongagonga mezani yakalingana.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

Alilisema kavu, kama fundi anayesema ukuta umenyooka. Ndilo neno Nukta Mkato alilokuwa akiligombania kwa watu elfu sita. Aliangalia mikono yake, akaona ni bora asaidie kubana yale makaratasi, na binti akamsogezea pini.