Bomba la Matope Nililoligeuza

Najua utasema nilikuwa nimelewa. Sinywi pombe, muulize mke wangu. Haya yalinipata mwenyewe, Ruiru, miaka ya tisini, saa kumi jioni.

Mtafiti mmoja tuliyemwita Daktari alikuwa ameniajiri kutunza matope ya bahari. Ndiyo, matope. Yalichimbwa chini ya bahari kwa mabomba marefu, yakawekwa katika chumba cha baridi huko Kimbo, mtaa wa Ruiru, kilichokuwa cha kuhifadhia maua. Ndani yake mna vigamba vya viumbe wa bahari, vidogo kuliko chembe ya sukari. Watafiti wakipima oksijeni nzito na nyepesi iliyomo, wanajua kama pepo za msimu zilileta mvua nyingi au kidogo enzi za viumbe hao. Matope ya juu ni ya karibuni, ya chini ni ya kale, ndiyo maana kifuniko cha juu cha kila bomba huchorwa mshale.

Sasa, mimi niliangusha bomba moja, vifuniko vyote viwili vikatoka. Nikabahatisha kipi ni cha juu, nikavirudisha, nikanyamaza. Nani angejua? Nilikuwa na watoto watatu na kazi zilikuwa adimu.

Wiki iliyofuata nilifungua kufuli kwa mkono wangu, nikamkuta mwanamume ndani, amevaa koti la mvua la manjano. Nikashuku mara moja kwamba Daktari amemtuma anipeleleze.

"Wewe umepitia wapi?" nikamuuliza.

Akaweka kidole juu ya bomba lile lile. "Hii umegeuza. Wakipima hivi wataambia watu mvua imekuwa ikiongezeka, na kumbe imekuwa ikipungua."

Nikakimbia kumwita soja wa getini. Tuliporudi hapakuwa na mtu, ila maji sakafuni.

"Hiyo ni barafu imeyeyuka tu," soja akasema. "Wewe enda nyumbani ulale."

Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi, niamini. Kimbo na bahari wapi na wapi?

Kwa hofu nilimweleza Daktari yote, hata kosa langu. Hakukasirika. Aliuliza tu koti lilikuwa la rangi gani, kisha akakaa chini. Akasema aliyechora ile mishale alianguka baharini akiwa na koti la manjano, meli ya uchimbaji ikirudi Mombasa, na hakupatikana. Bomba lilipolinganishwa na jingine lililochimbwa mahali pale pale baharini, lilikuwa limegeuzwa kweli.

Kazi niliipoteza. Mpaka leo siingii chumba cha baridi, na nikimkuta mgeni mahali nilipofunga, simuulizi amepitia wapi. Nawe ukiharibu kazi ya mtu, kiri siku hiyo hiyo. Usijifariji eti mwenyewe hayupo.