Jani la Kupandia Mlima

Mtu mwenye akili zake haendi kupanda milima ya Wales mwezi wa Novemba. Wenye akili walishakwenda Agosti, wakapata jua la siku nne, wakarudi na picha. Sisi tulipewa Novemba. Kazini kwangu hapa London Desemba mtu haombi likizo, na kaka yangu anapakia mizigo uwanja wa ndege, ambako Desemba dunia nzima inasafiri isipokuwa yeye.

Kwa Mchaga hilo ni jambo zito. Desemba tunapanda nyumbani. Watani zetu husema Dar es Salaam inabaki na nafasi ya kuegesha magari. Mimi na kaka tulikuwa na miaka tisa hatujapanda pamoja. Mwezi wa tisa mama alinipigia simu kutoka huko migombani Kilimanjaro, akatoa amri. Kama hatuwezi kuja kwenye mlima wake, tutafute mlima huku huku tuupande, familia zote mbili, kabla baridi haijafunga njia. Nilimweleza kwamba milima ya huku ni mifupi. Akasema hakuniuliza urefu.

Nilijua anachotaka. Kaka alikuwa na miaka miwili hajasema na mimi.

Baba alipofariki, maombi ya kaka ya kuishi nchi hii yalikuwa bado hayajajibiwa. Angetoka asingeruhusiwa kurudi. Nikaenda mimi. Udongo wa kwanza kaburini, ambao ni wa mtoto wa kwanza, nikautupa mimi mtoto wa pili. Hakunilaumu hata kidogo. Niliporudi alitualika kwake Hounslow, akapika mtori mwenyewe, na mezani tukaanza kubishana kama ndizi zake zilikuwa zimeiva mno. Ubishi wa ndizi, basi. Sijui shetani gani alinipanda, nikamwambia mbele ya mke wake na watoto: "Wewe nyamaza. Baba nimemzika mimi."

Alinyamaza. Alifanya kama nilivyomwambia, kwa miaka miwili.

Na mimi, kwa jinsi nilivyoumbwa, nilijiona ndiye niliyekosewa. Sentensi moja tu, tena imetoka kwa mtu mwenye msiba na uchovu wa ndege, ndiyo ya kumnunia ndugu miaka miwili? Kwa hiyo mama alipoleta habari ya mlima sikuwaza kuomba radhi. Niliwaza kupanga safari, kwa sababu kupanga ninakuweza.

Nilifungua kundi la WhatsApp la watu wanne: mimi na mke wangu, kaka na mke wake. Nikatuma picha za nyumba ya kupanga, vyumba vyake, hata kuni zilivyopangwa ukutani. Nikatuma hali ya hewa kila asubuhi kama mtangazaji wa redio. Kaka alikuwa anasoma. Tiki zinageuka bluu halafu kimya. Nikatuma orodha ya nguo. Bluu. Nikatuma maelezo ya soksi za sufu na kwa nini za pamba ni hatari. Bluu.

Mke wangu ni mtu wa Tanga mjini, amekulia usawa wa bahari na hakuona sababu ya kuhama. Aliniuliza kwa nini tuifuate baridi Wales wakati hapa Thamesmead inatufuata yenyewe mpaka chumbani. Mimi nilikuwa na safari ya kupanga. Nilinunua buti za mlima nikawa nazivaa ndani ya nyumba ili zilegee. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno, alisema kwa Kiingereza kwamba nimefanana na mtu wa halmashauri aliyekuja kukagua ukungu wa kuta. Nikaendelea kutembea. Nilijifunza ramani wiki tatu nikaihifadhi kichwani: unavuka geti, unafuata kijito, unafika ukuta wa mawe, unakata kulia, geti la pili. Ningeweza kuupanda mlima ule usingizini.

Mwisho nikatuma swali ambalo lazima lijibiwe: kaka anavaa buti namba ngapi. Alijibu shemeji. "Arobaini na nne, shem. Lakini sijui kama anakuja."

Nilimwonyesha mke wangu simu nikitegemea anihurumie. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Umempelekea kaka yako ramani, hali ya hewa na soksi," akasema. "Samahani umempelekea lini?"

Nilikasirika. Nilisema nimemeza mengi katika ukoo ule na sitameza zaidi, nikaenda jikoni kusugua oveni ambayo ilikuwa safi. Nilipomaliza kuisugua nikampigia mama, nikiwa na hakika kwamba yeye atakuwa upande wangu. Hakubishana. Aliuliza kama huku kuna isale.

Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani ambao kwetu unapandwa kuwa mpaka wa shamba. Una kazi nyingine pia. Ukimkosea mtu kosa la kweli, unampelekea jani lake kwa mkono wako, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Kosa kubwa linakwenda na mbuzi. Mama alisema mbuzi atasamehewa, maana ndugu yangu anakaa ghorofani.

Nikamwambia, mama, hii ni London, isale nitalitoa wapi. Na nitasema ukweli: nilifurahi. Niliona sasa nimepata udhuru wa maana. Radhi ningeomba, tena kwa moyo mmoja, ila vifaa hakuna.

Mimi ni mwangalizi wa jengo la ofisi, na kila Jumatatu asubuhi namwagilia mimea ya mapokezi. Mmoja umo kwenye chungu kikubwa cha kijivu pembeni ya sofa ya wageni, unanifika begani. Nimeumwagilia miaka sita. Nimeufuta vumbi, nimeusogeza dirishani, nimeutukana ulipoangusha majani kwenye zulia siku ya ukaguzi. Jumatatu ile nilisimama na chupa ya maji mkononi nikautazama.

Shamba la baba limezungukwa na mmea ule pande zote nne. Nimejificha ndani yake nikicheza, nimechapwa kwa kuvunja majani yake. Miaka sita nimeufuta vumbi bila kuutambua, kwa sababu umewekewa kokoto nyeupe. Niliona aibu mpaka nikakaa kwenye sofa ya wageni, kitu ambacho haturuhusiwi. Dada wa mapokezi aliuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimemwona mtu wa kwetu.

Meneja nilipomwomba jani moja aliuliza kama ni dawa. Nilisema ni mambo ya familia. Akasema nichukue hata mawili, kwani anayeumwagilia mmea ni nani.

Jumapili nililibeba hadi Hounslow, basi moja na treni tatu. Lilikuwa refu kuliko mkono wangu mpaka kiwiko, na kwenye mfuko lingekunjika, kwa hiyo nikalishika wima mbele ya kifua. London hakuna anayekuuliza kitu. Mama mmoja wa Kihindi alinisogezea begi lake ili jani lipate nafasi.

Shemeji, ambaye naye ni wa kwetu, alifungua mlango, akaona nilichoshika, akasahau salamu. Alisogea pembeni akamwita mumewe. Kaka akaja na ndala, anafuta mikono kwenye suruali. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu kituo cha kwanza, mazuri, yenye mpangilio. Yote yalikimbia. Nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Kaka, nilikosa. Udongo ule ulikuwa wako."

Mila inasema hawezi kukataa. Haisemi atachukua muda gani. Mwisho akalipokea, akalipitishia kidole gumba kulifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Umelitoa wapi?"

"Kazini. Mapokezi."

"Na uwanja wa ndege lipo," akasema. "Pale mlango wa wafanyakazi. Nalipita kila siku."

Yeye alikuwa amelitambua siku zote. Miaka miwili alikuwa analipita asubuhi na jioni, akijua mmea huo umejaa maofisini na mimi nina la kwangu mahali fulani.

Tulikaa. Shemeji alileta chai akatuacha. Nilidhani sasa tutazungumza habari za mlima, nikaanza kutafuta ramani mfukoni, lakini kaka aliuliza swali lingine, huku anatazama kikombe.

"Udongo ulikuwaje?"

"Ulikuwa umelowa. Ulininata mkononi."

Akatikisa kichwa taratibu. Ndipo nilipojiona mdogo. Katika nchi hii yote mtu pekee wa kumwuliza jinsi baba yake alivyozikwa nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimemwambia anyamaze. Nikamsimulia kila kitu, waliokuja, walioimba, upande gani wa migomba tulimlaza. Chai ilipoa, vikombe vyote viwili.

Nilipoinuka kuondoka alisema atakuja Wales. "Ila mbele natembea mimi. Wewe utabeba chai."

Tulipanda Novemba, kwenye ukungu, watu wazima wanne na watoto wanaolalamika. Kaka alikuwa mbele, ramani hajaigusa, anatembea kama mwenye mlima. Tukavuka geti, tukafuata kijito, tukafika kwenye ukuta wa mawe. Pale kaka akakata kushoto. Mke wangu akanigeukia, maana hata yeye alikuwa ameshaikariri njia ya kulia kwa kunisikia tu. Nikapandisha mfuko wa chupa za chai begani, nikakata kushoto.